Mhariri, mabaki ya ndege za vita tunayauza kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua ni ndefu, nakuomba usiikate sana kwasababu jambo lenyewe limenikaa moyoni miaka mingi na mwezi uliopita ndo likanizidi.

Mimi ni fundi wa kusubu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nayeyusha alumini natoa masufuria, vifuniko na miiko, kazi hii nimeianza kijana na sasa nina wajukuu. Alumini naipata kwa vijana wa skrepa wanaopita nyumba kwa nyumba na viroba, wananunua kwa mama zetu alafu wanakuja kunipimia mimi. Sasa mwezi uliopita mmoja wao akamwaga kiroba chake mbele ya mzani kama siku zote, pistoni za Fuso, sufuria zilizotoboka, rimu ya pikipiki iliyopinda, na katikati ya makorokoro hayo kikabingirika kitu cha duara, cheusi, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mbele kina kioo chenye ufa, ndani kuna mshale na namba zimezunguka kama saa, nyuma kina vitundu viwili vya kuchomekea mpira, kimoja kimeandikwa P kingine S. Pembeni kuna kitaji kidogo cha kifalme na herufi A.M., alafu namba inayoanza na 6A.

Nikamuuliza, hiki umekitoa wapi? Akasema kwa bibi mmoja kule karibu na uwanja wa ndege wa zamani, amempa elfu mbili pamoja na masufuria mawili mabovu. Yeye anachotaka ni nikipime nimlipe aende zake.

Mhariri, kile kitu sio saa. Ni kipimo cha mwendo wa ndege. Ile A.M. ni Wizara ya Anga ya Uingereza ya enzi za vita, na 6A ni fungu la stoo walikokua wanaweka vipimo vya rubani. P ni upande wa hewa inayoingia kwa nguvu toka mbele ya ndege, S ni upande wa hewa iliyotulia, na tofauti ya hizo mbili ndo inasukuma mshale. Nikampa kijana elfu kumi, nikamwambia hebu twende wote kwa huyo bibi.

Tukamkuta uani anapepeta maharage. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akamwangalia yule kijana akasema wewe si ndo wa masufuria, kuna nini tena. Nilipomtolea kile kipimo akakipokea kwa mikono miwili akakigeuza geuza, akasema hiki marehemu alikipenda kweli, mimi nilikua nakandamizia mfuniko wa ndoo ya unga panya wasiingie. Kumbe mumewe alikua kibarua pale uwanjani tangu enzi za mkoloni, kazi yake kusukuma pampu ya mkono kutoa mafuta kwenye mapipa na kuweka magogo mbele ya magurudumu ndege isitembee. Kipimo kiliharibika, fundi Mzungu akakitoa akakitupa, yeye akakiokota akaja nacho nyumbani. Jioni alikua anawaita watoto, anapuliza kwenye kile kitundu cha P kwa mdomo na mshale unapanda, watoto wanapiga kelele.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Mama akataja ndege zenye mabawa juu na chini, akataja Dakota, akaeleza kila inapokuja kutua mbuzi walivyokua wanakimbia. Nikaandika yote kwenye daftari la mahesabu ya karakana, kurasa nne. Watoto wake wa kuwazaa yeye mwenyewe wako Dar na Tunduma na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika hata mstari. Ile habari ilikua imebakiza mtu mmoja tu wa kuielezea na kile kipimo kilikua kimebakiza dakika tano kiingie kwenye tanuru langu.

Vijana wa Mbeya siku hizi ukiwaambia ndege wanaijua Songwe, ile iliyofunguliwa 2012. Lakini uwanja wa zamani pale mjini ulikua kituo cha safari kubwa kabisa, mwaka 1932 Imperial Airways walipoanza kupeleka abiria na barua toka London mpaka Cape Town, ndege zao zikitoka Dodoma zinatua Mbeya alafu zinaendelea Mpika huko Zambia. Baada ya vita, 1946, likaanza shirika la East African Airways na ndege sita za Dragon Rapide, hizo ndo zenye mabawa juu na chini, mbao na kitambaa, na ni aina ile ile ambayo jeshi la anga la Uingereza lilikua linaitumia wakati wa vita kwa jina la Dominie. Zikafuata Dakota, ambazo nazo zilizaliwa kwenye vita. Kwahiyo vitu vya vita kwetu huku havikuja kwa kuanguka toka angani peke yake, vilikuja kama spea, kama mapipa, kama mizigo ya askari wanaorudi, vikaingia kwenye nyumba za watu na vimo mpaka leo.

Na hapo kwenye mizigo ya askari ndo panaponiuma.

Babu yangu mzaa baba, mtu wa Rungwe, alikua askari wa Keya, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, alipelekwa Burma. Alikua kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua wakimfukuza Mjapani, matope mpaka magotini, malaria, nyumbu wa kubeba mizigo wanazama, chakula hakifiki kwa barabara mpaka Dakota zipite juu ziwadondoshee magunia. Mwezi wa 12 wakavuka mto Chindwin pale Kalewa, wakajengewa daraja la chuma la kuungaunga, futi 1,154, wakati huo lilikua halijawahi kujengwa refu zaidi la aina hiyo. Babu alikua anatuhesabia hizo futi kwa hatua zake kwenye shamba la migomba.

Alirudi na kijaluba cha ugoro alichotengeneza mwenyewe. Askari wa nchi zote walikua na hiyo tabia, mkikaa kambini siku tatu hamna kazi mtu anatafuta bati la ndege iliyoanguka anakata kitana, anakata kijiko, pete, sahani ya majivu. Cha babu kilikua urefu wa kidole cha shahada, bawaba yake ni waya wa shaba, juu ya mfuniko kuna mstari wa ribiti saba zilizolala sawa na bati kabisa, ukipitisha kucha haikwami. Ndani, kwenye kona ambazo ugoro haukufika, kulikua na rangi ya ajabu, bluu inayoenda kwenye kijani, inapitisha mwanga kama chupa ya soda ukiiweka juani. Babu alikua hasemi nileteeni ugoro. Alikua anasema "nileteeni ndege yangu", na mimi ndo nilikua mpeleka ndege.

Babu akafa, kijaluba kikabaki kwa mama. Mwaka 2009 akaja mtu nyumbani, amevaa vizuri, ana mkoba, anasema anazunguka vijiji vya Rungwe na Busokelo kutafuta vitu vya askari wa zamani kwa ajili ya watu wa nje wanaovitunza. Mama alikua peke yake. Jamaa akasema anakichukua kwenda kukipima alafu anakirudisha, akaacha elfu ishirini kama amana, akachukua na picha ya babu akiwa na kofia ya Keya, akaandika namba ya simu kwenye karatasi. Namba ile tangu siku hiyo mpaka leo haipatikani. Mama hakuniambia kwa miezi miwili, aliona aibu. Mpaka anaingia kaburini alikua akiniona nakaa kimya anadhani nawaza kijaluba.

Ndo nikaanza kujifunza haya mambo, nikawa nauliza, nasoma, wajukuu wananitafutia kwenye simu. Ile rangi ya bluu-kijani kumbe ina jina, Wajapani waliiita aotake, vanishi waliyokua wanapaka ndani ya ndege zao bati lisiliwe na kutu, na wakusanyaji duniani wakiiona tu wanajua hii ni ya Mjapani. Zile ribiti zilizolala ni kwa ajili ya upepo upite bila kukwaruza. Kwahiyo yule mtu alipofungua mfuniko pale barazani alijua anachokiangalia, na mama yangu hakujua.

Wanaodhani ni vitu vya kichaa niwape mfano mmoja. Mwaka 1940 Spitfire moja, ndege ya vita ya Waingereza, namba P9374, ilitua kwa dharura kwenye ufukwe karibu na Calais, Ufaransa, mchanga ukaimeza. Ikaonekana tena 1980. Wakaichimbua, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na 2015 ikauzwa mnadani London kwa pauni milioni 3.1. Zilitengenezwa Spitfire zaidi ya 20,000, kwahiyo sio kwamba kitu chenyewe kilikua kimoja duniani. Kilichoipa bei ni kwamba inajulikana ni ipi, ilirushwa na nani, siku gani, ilianguka wapi. Ndo maana kwenye hiyo biashara kibati kidogo chenye namba ya ndege kinaweza kuwa na thamani kuliko bawa zima, watu wanajenga ndege kuzunguka kibati. Na sisi huku cha kwanza tunachotupa ni habari, tunabaki na bati, alafu bati tunaliuza kwa kilo.

Na kama ni kwa kilo basi niseme kama fundi, bati la ndege ni alumini mbaya ya kusubu. Lina shaba ndani yake, kama asilimia 4 hivi, ndo inayolipa ugumu. Ukilimimina kwenye kalibu linapasuka linapoanza kupoa, na ukibahatika sufuria likatoka basi linawahi kuliwa na chumvi. Pistoni inatiririka kama uji, bati la ndege linakusumbua siku nzima. Kwahiyo hata huko kwenye tanuru hamna anayefaidika.

Sasa kuna upande wa pili, wapigaji. Nyanda za juu kusini tunawajua, kuanzia Iringa mpaka Tukuyu hakuna kijiji kisichokua na stori ya mali ya Mjerumani, masanduku ya rupia, alama kwenye jiwe, na siku hizi wameongeza mekyuri nyekundu wanayosema imo kwenye redio na vipimo vya zamani. Hamna mekyuri nyekundu, watu wameuza mashamba kwa huo uongo. Na juzi juzi hapa kuna mtu alikua anatembeza kipande cha fremu ya alumini anasema ni cha ile meli ya puto ya Wajerumani iliyoangukia huku. Mhariri naomba hili lisomwe na kila mtu. Ile meli ya puto, Zeppelin L59, ni kweli ilitumwa, iliondoka Bulgaria Novemba 1917 ikiwa na kama tani 15 za risasi na dawa kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, na ilipangwa isirudi, ikifika ikatwekatwe yote, kitambaa kiwe mahema, injini ziwe za umeme, hata ngozi ya njia ya kutembelea ndani ishonwe viatu vya askari. Lakini haikufika. Ilikua juu ya Sudan ikapokea amri ya redio igeuke, ikarudi Bulgaria, ilikaa angani saa 95 bila kutua. Haikuiona Ruvuma wala Rungwe. Anayekuuzia kipande chake hapa Tanganyika anakuuzia fremu ya dirisha.

Na ndege za Waingereza za vita ya kwanza ya dunia huku kwetu, zile BE2c za mwaka 1916, zilikua mbao, waya na kitambaa cha kitani. Mchwa walishamaliza zamani. Kinachoweza kubaki ni chuma cha injini, shaba, labda tangi. Ukiletewa bawa la bati ukaambiwa ni la 1916 mwambie aliyekuletea alirudishe alikolitoa.

Nirudi kwenye kile kipimo cha yule bibi, nilisema hapo juu tulikibeba tukaenda nacho ila sikusema kwanini sikumuachia. Vile vipimo vya zamani namba zake na mshale vilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu ili rubani aone usiku. Rangi yenyewe ilishaacha kung'aa lakini radiamu iko pale pale, inahitaji miaka kama 1,600 ndo ipungue nusu. Kioo kikiwa kizima hamna shida kubwa, ila kikipasuka ile rangi inameguka inakua vumbi, na vumbi ukilivuta au ukilimeza linakaa kwenye mifupa. Na kile kilikua na ufa na kilikaa juu ya ndoo ya unga! Nilimwambia yule bibi ukweli, tukamwaga ule unga tukafukia, nikamnunulia mwingine, kipimo nikakifunga kwenye mfuko mara mbili nikaweka kwenye kopo la bati nje ya nyumba mahali ambapo watoto hawafiki, na nimeandikia Tume ya Nguvu za Atomiki waje wakiangalie. Vijana wa skrepa nawaomba sana, msifungue hivyo vitu, msikwangue rangi mkitafuta mekyuri.

Na jingine la karakana. Miaka ya tisini niliwahi kuletewa kitovu cha gurudumu, chepesi sana, nikafurahi nikakitupa tanuruni na vingine. Kikashika moto mweupe, mweupe wa kuchomelea, huwezi kuuangalia, msaidizi wangu akamwaga ndoo ya maji na ule moto ukaruka mpaka kwenye paa. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo una kovu toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ilikua magnesiamu. Ndege nyingi za vita magurudumu na baadhi ya maganda ya injini ni magnesiamu, uzito wake ni kama theluthi mbili ya alumini. Fundi ukiwa na wasiwasi dondoshea siki, ikichemka mapovu weka pembeni, na ikishawaka tumia mchanga mkavu, maji hapana. Risasi na vitu vinavyofanana na bomu hivyo hata usiviguse, muite polisi.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na ni sheria nzuri, lakini kitu cha kuhamishika kinalindwa moja kwa moja kama kilitengenezwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga imepewa mpaka 1940. Ukihesabu hapo, vita zote mbili za dunia ziko nje, labda waziri atangaze kitu fulani kwa jina, na uwezo huo anao. Yaani mlango uliochongwa 1939 una ulinzi na kijaluba cha askari wa Burma cha 1944 hakina. Waingereza wenyewe tangu 1986 wana sheria kwamba ndege yoyote ya kijeshi iliyoanguka nchini kwao haiguswi bila leseni ya Wizara ya Ulinzi. Papua New Guinea walikua na ndege ya Marekani, B-17, iliyokaa kwenye kinamasi tangu 1942, mwaka 2006 ikanyanyuliwa ipelekwe Marekani, serikali yao ikaizuia bandarini Lae na ikakaa hapo mpaka 2010. Mwisho ilienda kweli, lakini ilienda watu wameshabishana hadharani, kila mtu anajua iko wapi, mtoto wa kule akitaka kuiona anajua iko Pearl Harbor. Mimi sijui kijaluba cha babu kiko bara gani.

Na sisi wa kusini hatuhitaji kufundishwa maana ya kitu kuondoka. Fuvu la Mkwawa liliondoka Kalenga, likaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles, na lilirudi 1954 mikononi mwa Gavana Twining, zaidi ya miaka hamsini baadae. Hilo lilikua fuvu la mtemi, lilikua na watu wa kulidai. Hivi vidogo vidogo vya askari wa kawaida nani atavidai kama havijaandikwa popote?

Sisemi watu wasiuze. Mama mwenye ada ya mtoto na kitu cha elfu hamsini kabatini siwezi kumwambia akae nacho kwa ajili ya historia, huo ni ukatili. Wala sina ugomvi na mkusanyaji anayelipa bei ya haki na kuandika jina la familia aliyonunua kwao, wapo wa hivyo, na kuna vitu vimeokoka kwasababu yao. Ninachotaka ni kiandikwe kabla hakijaondoka. Pale Iringa tuna makumbusho kwenye Boma la Mjerumani, yamefunguliwa tangu 2016, naomba wafungue daftari la vitu vya vita vilivyoko majumbani, mtu aje na kitu chake, kipigwe picha, kipimwe, aeleze kilitoka wapi, aondoke nacho. Kiwe mali yake vile vile. Akikiuza kesho basi kina namba na kina maelezo na bei yake itapanda, na akiibiwa kuna pa kuanzia kutafuta. Mbeya, Njombe na Songwe maafisa utamaduni wa halmashauri wafanye hivyo hivyo kisha wapeleke nakala. Gharama ni daftari na simu yenye kamera. Na wizara iangalie ule mwaka 1863, au waziri atumie uwezo wake atangaze vitu vya askari wa Keya na wa vita ya 1914 viwe vya kulindwa, visitoke nchini bila kibali.

Na ifanyike mapema kwasababu Burma imeshakwisha, wazee wale ukiwatafuta leo unakuta makaburi. Wa Kagera bado wapo. Jirani yangu alipigana 1979, ana kipande cha bati alichokitoa kwenye ndege Uganda, kimetundikwa juu ya jiko kimejaa masizi, wiki iliyopita nilimuuliza kilikua ndege gani, nani alikua naye, siku ile ilikuaje, akaongea mpaka saa nne usiku mkewe akaja kutuita mara tatu. Kurasa sita.

Mwisho Mhariri nina ombi kwa huyo mtu mwenye mkoba au yeyote aliyekinunua kwake. Kijaluba kina ribiti saba juu ya mfuniko, bawaba ya waya wa shaba, kona moja imebonyea kwasababu niliwahi kukidondosha kwenye jiwe nikiwa na miaka saba, na kwenye kitako kimekwaruzwa neno KALEWA kwa msumari, herufi ya L imerudiwa mara mbili kwasababu mkono uliteleza. Sikudai. Elfu ishirini nitarudisha na faida juu yake, na kama hutaki kukiuza basi nipigie picha tu, na ile picha ya babu uinakili, uipeleke kwa Mhariri wa gazeti hili, nitaipata. Hata kama uko nje ya nchi. Sitauliza jina lako.

Fundi wa kusubu,
Mwanjelwa, Mbeya.